Starfield na mawe yasiyo na majina

Jumamosi moja jioni, nikiwa kwa mpwa wangu anayeishi Nkuhungu, hapa mjini Dodoma, nilitua Dodoma nikitokea angani. Ndani ya Starfield, gemu la Bethesda lililotoka Septemba 6, 2023, mwaka ni 2330 na Dunia imeshakufa. Hewa hakuna, bahari zimekauka, mchanga umetanda kila upande. Lakini ramani inakuruhusu kuweka alama popote na kushuka. Niliitafuta Afrika, nikateremka kutoka Pembe yake mpaka nilipokadiria kuwa ni katikati ya Tanzania, nikabonyeza. Mlango wa chombo ukafunguka. Nikatembea kama dakika kumi nikitafuta jiwe moja tu la kunikumbusha kilima chetu cha Mlimwa. Nilikuta mchanga, na mbele ya mchanga, mchanga mwingine.

"Anko, hapo hakuna kitu," mpwa wangu akasema, mdomo umejaa karanga. "Twende sayari nyingine."

Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Mtumishi alipopata barua ya kuhamia huku kutoka Dar es Salaam, ndugu zake walimpa pole: Dodoma hakuna kitu, ni vumbi na mibuyu. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 watu walikuwa bado wanatafuta sababu za kutokuja. Kwa hiyo nina ugomvi wa siku nyingi na neno "tupu", na ugomvi huo niliingia nao kwenye gemu hili.

Kwa asiyelijua, ni gemu la kuigiza mhusika. Unaanza ukiwa mchimba madini, unagusa kipande cha chuma cha ajabu, unaona maono, unachukuliwa na kikundi cha wavumbuzi kinachoitwa Constellation. Kuanzia hapo mifumo ya nyota kama 100 na sayari zaidi ya 1,000 ziko wazi kwako. Unaweza kuwa askari, haramia, mpelelezi wa kampuni, mlinzi wa mpakani, au vyote kwa zamu. Bethesda ndio waliotengeneza Skyrim mwaka 2011 na Fallout 4 mwaka 2015, na huu ulikuwa ulimwengu wao mpya wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 25. Nimelicheza zaidi ya saa 120, nyingi usiku. Nalipenda. Ndiyo maana nataka kusema kwa usahihi linaumwa wapi, kwa sababu naona wengi wanashika pasipouma.

Lawama kubwa imekuwa kwamba sayari zake ni tupu. Todd Howard, mkurugenzi wa gemu, alishasema kabla halijatoka kwamba ni kama asilimia 10 tu ya sayari zitakuwa na viumbe hai. Wachezaji walipolalamika kwamba wanachoka, jibu la Bethesda lilikuwa kwamba wanaanga walipofika mwezini hapakuwa na kitu, na hawakuchoka. Jibu lile lilichekwa sana mitandaoni. Mimi naona lina nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza ugonjwa wenyewe.

Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini Julai 20, 1969, baada ya siku nne za safari. Dakika za mwisho Armstrong aliona wanaelekea kwenye mawe makubwa, akakiongoza chombo kwa mkono wake kutafuta pa kutua, huku mafuta ya kushukia yakikaribia kwisha. Michael Collins alibaki juu akizunguka peke yake. Baada ya yote hayo, wale wawili walikaa nje ya chombo kama saa mbili na nusu tu. Usingeweza kuwachosha kwa mchanga ule wa kijivu, kwa sababu walijua walichotoa ili kuukanyaga.

Starfield inakufikishaje mwezini? Unafungua ramani, unachagua, unabonyeza, skrini inakuwa nyeusi, inalodi, umefika. Unabonyeza tena ili utue, inalodi. Unatoka mlangoni, inalodi. Katika Skyrim uliona mlima kwa mbali ukaanza kutembea. Njiani ukakuta daraja, kambi ya wawindaji, pango lenye mwanga ndani, na jua likazama hujafika mlimani na wala hujutii. Utamu wa magemu ya Bethesda ulikuwa njiani siku zote. Hapa njia imeondolewa, umebakiwa na mwanzo na mwisho wa safari.

Wazee wetu wangeliona hilo mara moja. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapita Ugogo, na kabla ya kuingia ilibidi ivuke Marenga Mkali, nyika isiyo na maji upande wa Mpwapwa. Wapagazi walijaza vibuyu, wakaondoka wakijua kuwa atakayelegea nyuma anaweza asionekane tena. Wakishavuka, visima vipo, lakini visima vina wenyewe. Watemi wa Kigogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, wa nguo na shanga, ndipo watu wapite na kunywa, na mashauri ya hongo yaliweza kula siku nzima na zaidi. Nyika ambayo mgeni angeiita tupu ilikuwa na sheria, bei na hofu, na heshima ya kupewa mwenyeji. Mtu akitaka kujua jinsi ya kutengeneza sayari kame ya kuchezea, asome habari za njia ile: weka kiu, weka umbali, weka mwenye kisima.

Kinachoniuma ni kwamba hawa jamaa walikuwa wameanza kuyaweka hayo. Howard mwenyewe alieleza kwamba hapo awali mafuta ya chombo yalikuwa yanakwisha kweli, unakwama kati ya nyota, ukatafute namna ya kujinasua. Wakaona yanaua raha, wakayatoa. Sasa mafuta yanaamua tu unaweza kuruka umbali gani kwa mara moja, kisha yanajijaza yenyewe. Joto, baridi na sumu za angani navyo vilipunguzwa makali mpaka vikabaki alama ndogo pembeni ya skrini. Sasisho la Mei 2024 lilirudisha uwezo wa kuchagua njaa na ugumu wa mazingira, na mimi niliuwasha siku hiyo hiyo. Chakula, ambacho hapo kabla kilikuwa takataka za kuokota, kikawa kitu cha kupanga kabla ya kuondoka. Lakini kiraka hakiwezi kurudisha njia. Nyama iliyoungwa dakika ya mwisho unaijua kwa ladha.

Gharama ya safari ni ugonjwa wa kwanza. Wa pili ni mzito zaidi, na ni wa kumbukumbu.

Nieleze nilichokiona. Kwenye sayari moja ya barafu nilikuta maabara iliyotelekezwa. Mabomba yameganda, taa zinakatika, majambazi wamejificha ndani. Nikaingia kwa tahadhari, nikakuta maiti chumba cha ndani na kompyuta yenye ujumbe wa wafanyakazi wa pale. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Niliwahurumia. Siku chache baadaye, kwenye mfumo mwingine wa nyota, nikakuta maabara iliyotelekezwa. Korido ile ile, maiti ile ile, pembe ile ile ya chumba, na kompyuta yenye maneno yale yale. Mara ya tatu nilikuwa najua sanduku la risasi liko nyuma ya mlango upi kabla sijaingia.

Wanaolitetea gemu husema hakuna studio inayoweza kutengeneza kwa mkono majengo ya sayari 1,000, na ni kweli, lazima kompyuta isambaze vipande. Ila kile kipande cha pili hakikunichosha tu. Kilirudi nyuma kikaua cha kwanza. Wale watu niliowahurumia wakageuka kuwa fanicha. Sehemu ikiweza kuwepo popote, haikuwahi kutokea jambo pale. Sayari tupu kabisa, yenye upepo na kivuli cha mlima, ingeniachia heshima ya kuwa wa kwanza kufika. Wao wakaogopa utupu, wakaujaza kwa nakala.

Sisi tunaoishi kwenye nchi ya mawe tunajua tofauti. Jina lenyewe la mji huu lina kisa: wanasema tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope, Wagogo wakasema "idodomya", pamezama. Ukipanda barabara ya Arusha mpaka Kolo, wilaya ya Kondoa, kwa mbali utaona vilima vikavu na mawe yaliyobebana, kama yale ya popote pengine kanda hii. Ukipanda na mwenyeji, atakuonyesha chini ya jabali michoro ya rangi nyekundu, watu warefu wembamba, wanyama, mistari ambayo hakuna anayejua maana yake yote. Makazi ya miambani yenye michoro huko ni zaidi ya 150, UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya mapango bado yanaendewa kwa matambiko. Nilipofika mara ya kwanza nilisimama mbele ya mchoro mmoja usiozidi urefu wa mkono wangu, na mzee aliyetupeleka akatuomba tushushe sauti. Hakueleza kwa nini. Hakuna jiwe pale unaloweza kulihamishia kilima cha pili ukabaki na kitu kile kile.

Gemu lenyewe linajua jambo hili, na ndipo ninapopata uchungu zaidi. Kwenye Dunia ile iliyokufa zimeachwa alama chache: London imebakiziwa jengo la The Shard, Misri piramidi za Giza, Dubai Burj Khalifa. Na alama hazionekani kwenye ramani mpaka upate kitabu fulani na kukisoma. Wazo zuri mno! Mahali pamebaki kwa sababu mtu aliandika habari zake na mwingine akasoma. Tulipozifikia piramidi zikiwa zimesimama peke yake kwenye mchanga, mpwa wangu aliacha kutafuna. Ningetoa maabara zote zilizojirudia nipate mahali kumi tu pa namna ile, na kimoja kati ya vitabu hivyo kingekuwa cha Kolo. Miamba ile ina nafasi nzuri ya kudumu kuliko ghorofa la vioo.

Sasa niseme linapong'ara, na sisemi kwa kulifariji.

Kuna misheni ya kituo cha utafiti cha Nishina. Unaitikia wito wa msaada, na ukishaingia unaanza kurushwa kati ya ulimwengu mbili zinazofanana. Katika mmoja ajali imetokea, kituo kimeharibika, amebaki hai mtu mmoja tu, Rafael. Katika mwingine Rafael ndiye aliyekufa na wenzake wote wako hai, wanakupokea, wanakueleza shida yao. Mlango uliofungwa upande huu uko wazi upande ule, hivyo unapita kituo kizima ukivuka na kurudi, chumba kimoja kikiwa na kicheko cha watu na mara hiyo hiyo kikiwa kifusi. Mwisho unatakiwa uchague ulimwengu upi ubaki. Kwa anayechunguza kwa subira ipo njia ya kuwaokoa wote, lakini hakuna atakayekunong'oneza. Nilicheza misheni ile bila kunyanyuka kitini, na ilipokwisha nilitoka nje kupunga upepo. Kile ni kituo kimoja chenye korido chache. Kimenikaa kichwani kuliko mifumo 30 ya nyota niliyoizunguka.

Kisa cha askari wa kujitolea wa jiji la New Atlantis nacho ni cha kiwango hicho. Wanyama wa kutisha wanazuka kwenye makazi ya watu, na baada ya uchunguzi mrefu unaulizwa maoni: warudishwe wanyama wakubwa walioangamizwa zamani, ambao ndio maadui wa asili wa hao waharibifu, au visambazwe vijidudu vitakavyowamaliza upesi, ila hakuna anayejua kesho vitageuka nini? Mkulima wa mtama wa Kongwa au Bahi angekaa kwenye kikao kile bila kuhitaji maelezo. Anawajua kwelea kwelea, anajua ndege ya kunyunyizia sumu ikipita jioni shamba linapona, na anajua pia kesho yake asubuhi huokoti kwelea peke yao chini ya miti. Gemu la anga lililonirudisha kwenye shamba la mtama limefanya kazi yake. Mimi nilichagua wanyama. Mpwa wangu alichagua vijidudu, tukabishana mpaka ugali ukapoa.

Wenzako wa safari ni suala jingine, nalipita haraka. Wanne wenye hadithi kamili, Sarah Morgan, Barrett, Sam Coe na Andreja, wote wanatoka Constellation na wote wana dhamiri inayofanana. Ukiiba wananuna, ukiua asiye na hatia wananuna, karibu kwa sauti moja. Kwenye gemu linalokwambia unaweza kuwa haramia, mtu mmoja wa kukuelewa ukiwa haramia hakukosekana kwa bahati mbaya. Hawakutaka kumwandika.

Kuna pia suala la nani anafika hata hapo mwanzo. Kwa kompyuta gemu lilihitaji GB 125 za nafasi kwenye diski ya SSD na RAM ya GB 16. Tulilipakua usiku kwa usiku, kwa bando, kompyuta ikiachwa inahema na sisi tukiomba umeme usikatike. Kwenye vibanda vya gemu vya hapa mjini mashine ni za PlayStation na vijana wanacheza mpira, na lilipotoka Starfield lilikuwa la kompyuta na Xbox Series tu. Halafu lugha. Howard alitaja zaidi ya mistari 250,000 ya mazungumzo, na hakuna hata mmoja wa Kiswahili. Mtoto wa jirani anayekuja kutazama huniuliza kila baada ya sekunde chache, "Anasemaje?" Natafsiri. Nimegundua kuwa mistari mizuri ya gemu hili inatafsirika papo hapo, na ile dhaifu inaniacha natafuta cha kusema kwa sababu ndani yake hakuna kitu. Kipimo hicho sikukipanga, lakini nimeanza kukiamini.

Nyongeza ya Shattered Space iliyotoka Septemba 30, 2024 ilionyesha kwamba watengenezaji wenyewe wameliona tatizo. Badala ya kutawanya, walikuletea sayari moja, Va'ruun'kai, na jiji moja, Dazra, mandhari yake ikiwa imepangwa kwa mkono. Unatembea, unakuta, unasimama. Hadithi yake ni fupi na haina uzito wa Nishina, lakini miguu ilirudi kazini. Gari la REV-8, lililokuja mwezi mmoja kabla, nalo lilisaidia: ukiwa na gari, uwanda mtupu unakuwa mwendo. Nililiendesha saa nzima kwenye sayari nyekundu bila kutafuta chochote, nikafurahi.

Nimekiacha chombo kwa sababu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Starfield inakuruhusu kukijenga kipande kwa kipande: injini, vyumba, mahali pa kulala, stoo ya mizigo, miguu ya kutulia. Changu nimekijenga kwa miezi. Nilikipa jina la Mbukwenyi, salamu ya Wagogo, na kila kinapotokea kwenye skrini najisikia nimepokelewa nyumbani. Ndani nimepanga vikombe kutoka kila mji niliofika, kitabu kimoja kutoka Dunia, na maua ya plastiki niliyoyaokota Mars. Hii ndiyo sehemu pekee ya gemu ambayo kila kitu kina mahali kilikotoka. Hata hapo lina ukatili wake mdogo: ukibadilisha kipande kimoja cha nje, vitu vyote ulivyopanga ndani vinahamishiwa stoo, uanze upya kikombe kwa kikombe. Nimeanza upya mara nne.

Halafu mwisho wa hadithi kuu unakuweka mbele ya mlango unaoitwa Unity. Ukipita, unaingia ulimwengu mwingine unaofanana na huu, unaanza tena ukiwa na ujuzi wako na nguvu zako, lakini chombo, nyumba, pesa na watu waliokujua vinabaki nyuma. Kama wazo, ni kitu cha ujasiri kuliko vyote nilivyoviona kwenye gemu la aina hii: linakuuliza kama unachotaka ni nguvu zaidi au ni maisha uliyoyajenga. Kama mchezo, linakuvuta upite tena na tena ili ukuze nguvu 24, na kila nguvu inapatikana kwenye hekalu lile lile, ukielea kufuata nuru zile zile. Swali zito wamelifanya kazi ya kurudiarudia.

Mpwa wangu amepita mara tatu. Ana mavazi ambayo mimi sina na anaua kwa pigo moja wanaonitoa jasho. Jumamosi iliyopita nilimuuliza chombo chake cha kwanza kilikuwa kinaitwaje. Alikuwa anamenya karanga. Akasimamisha mikono, akafikiri, akasema, "Kilikuwa na jina, Anko. Subiri kidogo." Mpaka naondoka pale kurudi kwangu Kikuyu halikuwa limemjia. Mbukwenyi bado kimetua New Atlantis, mlango wa Unity uko wazi kwangu tangu Novemba, na vikombe viko mezani kama nilivyovipanga.